Barua ya wazi: Mlisema tuwahi, tumewahi, mmetufukuza kwa kuwahi

Kwa:
Ndugu Mkurugenzi, hospitali niliyoandikiwa kipimo,
Ndugu Meneja, ofisi ya bima ninayokatwa kila mwezi,
Moshi.

YAH: KUNYIMWA KIPIMO CHA UTUMBO MPANA KWA SABABU SIJAUGUA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua yangu ya tatu kwenu. Ya kwanza niliikabidhi masjala, ikagongwa muhuri, na nakala ninayo. Ya pili niliitumbukiza kwenye sanduku la maoni, lile la bati karibu na dirisha la dawa, ambalo kufuli yake imeota kutu mpaka najiuliza ni lini ilionja ufunguo mara ya mwisho. Kwa simu nimeambiwa "linashughulikiwa" mara nne, kila mara na mtu mwingine. Kwa hiyo leo naandika mbele za watu. Majina ya ofisi zenu nayaacha kwa makusudi. Nyinyi mnajijua, na rafiki yangu wa Arusha niliyempa rasimu hii aliniuliza kwanza kama nazungumzia hospitali ya kwao.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 47, nakaa Pasua. Siumwi popote. Nalitaja hili mapema kwa kuwa ndilo kosa langu lote.

Aliyeumwa ni kaka yangu. Alianza kuona damu chooni, akaambiwa ni bawasiri, akapewa dawa ya kupaka. Damu haikukoma, akaambiwa ni amiba. Akameza vidonge vya amiba, halafu vya minyoo, halafu akarudi kwenye bawasiri. Mwaka mzima ukaisha hivyo. Alipokuja kupimwa kwa kamera, akiwa na miaka 48, uvimbe ulikuwa umekaribia kuziba njia na ini lilikwisha kuingiliwa. Tulimzika kihambani, shamba la ukoo wetu, Mwika. Daktari mmoja aliyemhudumia alipanda mpaka msibani kutupa pole, na tulipokwisha kufukia kaburi akanivuta kando kwenye migomba. Akaniambia: nyie wadogo zake msisubiri dalili. Mtu ambaye mzazi wake au ndugu yake wa tumbo moja amepata saratani hii ya utumbo mpana huanza kupimwa akifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogunduliwa nao ndugu yake, kutegemea ipi inatangulia.

Nilipiga hesabu palepale, mikono ina udongo. 48 kutoa 10 ni 38. Nilikuwa na miaka 45. Nilikuwa nimekwisha kuchelewa.

Wakubwa zangu, mnakijua kipimo hiki kuliko mimi, lakini barua hii itasomwa na wengi, acheni nikieleze. Kinaitwa kolonoskopi. Ni mpira mwembamba unaopindika, wenye taa na kamera nchani, unaopitishwa njia ya haja kubwa kukagua utumbo mpana wote, ambao una urefu wa karibu mita moja na nusu. Mpimwaji huchomwa dawa ya kumlegeza, na wengi hawakumbuki kitu. Kinachotafutwa hasa ni vinyama vidogo vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo, madaktari wanaviita polipu. Vingi havina neno. Vichache hugeuka saratani, tena polepole, kwa kawaida miaka 10 au zaidi. Kikionekana kinyama, kinakatwa palepale kwa kitanzi cha waya kinachopitishwa ndani ya mpira uleule. Kazi hiyo ilianzia kwa madaktari William Wolff na Hiromi Shinya kule New York mwaka 1969. Si teknolojia ya jana.

Ndugu Meneja, hapo ndipo naomba utulie kidogo. Eksirei inakuonyesha mfupa uliovunjika na kukuacha nao. Kipimo hiki kinauona ugonjwa kabla haujawa ugonjwa na kuung'oa siku hiyohiyo. Ofisi yako ikikiita "uchunguzi" na kukitenga na "matibabu", inatenganisha vitu ambavyo mkono mmoja wa daktari unavifanya kwa pamoja.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Nimesafishwa tumbo mara mbili na sijapimwa hata mara moja.

Nitakaa hapa kidogo, maana nashuku anayepanga ratiba hajawahi kuinywa ile dawa. Ni unga unaokorogwa kwenye maji, lita nne. Ladha yake ni kama maji ya bahari ambayo mtu ameyaonea huruma akayakamulia ndimu. Nusu unainywa jioni, nusu alfajiri. Siku nzima ya kabla yake huli, unakunywa tu. Saa moja baada ya glasi za kwanza unahamia chooni, na ukitoka unarudi kabla hujakaa. Usiku ule wa kwanza mtaani kwetu bomba lilikuwa kavu. Mama watoto aliteka ndoo sita kwa jirani mwenye tangi, na watoto walijua wazi baba yao anafanya nini, maana nyumba yenyewe ni ya vyumba vitatu na choo ni kimoja.

Saa kumi alfajiri nikamaliza nusu ya pili. Bodaboda haiwezekani katika hali ile, na daladala ndiyo usiseme. Nikakodi teksi, nikamwomba dereva asipite kwenye matuta. Saa moja asubuhi nilikuwa kwenye benchi lenu. Saa sita mchana akatoka kijana akatutangazia: mashine ina hitilafu, mtapangiwa tarehe nyingine.

Tulikuwa saba. Kulikuwa na mama mmoja wa Tarakea aliyelala gesti ya karibu na stendi, kwa sababu huwezi kunywa dawa ile Rombo kisha ukapanda gari asubuhi. Ana kisukari. Tangazo lilimkuta anatetemeka na jasho linamtoka, muuza chai wa getini ndiye aliyemkorogea sukari. Sikuona mtumishi akimuuliza kama alikunywa dawa zake za kisukari au aliziacha, na mwenye kisukari anayefunga kula anapaswa kuulizwa hilo siku mbili kabla.

Mara ya pili mashine ilikuwa nzima. Daktari alikuwa semina. Hilo nalo tuliambiwa benchini, matumbo yakiwa meupe.

Mashine huharibika, na madaktari lazima wahudhurie semina, silalamikii hayo. Nalalamika kwamba semina ilijulikana tangu wiki iliyotangulia. Namba zetu za simu mlikuwa nazo, kwa sababu siku mbili kabla mlitutumia ujumbe wa kutukumbusha tulipie. Ujumbe wa pili ungewagharimu nini?

2. Bima imekataa kulipia kwa sababu siumwi.

Mara ya tatu mashine ilikuwepo, daktari alikuwepo, mimi nilikuwepo. Kibali hakikuwepo. Jibu lililoandikwa kwenye fomu: "Mwanachama hana dalili." Mara mbili za mwanzo kibali kilitoka bila neno, mara ya tatu mtu mwingine alikuwa zamu. Nikasogea dirishani kuomba ufafanuzi, na mhudumu, dada mpole kabisa, wala simlaumu, akainama akaninong'oneza: "Mwalimu, mwambie daktari aandike unatokwa na damu. Itapita leo leo."

Ndugu Meneja, nimekatwa mchango wa bima tangu mshahara wangu wa kwanza, mwezi hadi mwezi, hata miezi ambayo mshahara wenyewe ulichelewa. Siku moja nahitaji kitu, mfuko wangu unanifundisha uongo. Na uongo huo haumdhuru msemaji peke yake. Kama kila anayetaka kupimwa mapema anaandikiwa kwamba anatokwa na damu, ofisi yako itajuaje ni wangapi wanaovuja kweli? Kaka yangu alivuja kweli, na faili lake lingefanana na langu. Mwenye damu atakaa nyuma yangu kwenye foleni kwa sababu mimi nimejua kunong'onezwa.

Nilikataa. Bei ya fedha taslimu niliyotajiwa ilikuwa zaidi ya nusu ya kinachobaki mkononi baada ya makato. Nikarudi nyumbani kwa miguu, maana safari hii sikuwa nimekunywa dawa. Nilikuwa nimeshajifunza.

Na pale ukutani, juu ya dirisha hilohilo, kuna bango la ofisi yako: "Pima afya yako mapema." Nimelisoma mara tatu nikiwa nafukuzwa.

3. Karatasi ya maelekezo.

Ni ya Kiingereza, imetolewa nakala mpaka herufi zimefifia, na chakula kilichomo si cha huku. Inataja juisi ya tufaa iliyo angavu, jelatini na mkate mweupe uliochomwa. Mimi nafundisha Baiolojia kwa Kiingereza na bado nilifungua kamusi. Mzee mmoja benchini alikuwa ameipa karatasi yake kwa mjukuu amsomee, na mjukuu alipofika kwenye orodha ya vinywaji, mzee akauliza kama mbege imo. Tulicheka, lakini swali lake ni zuri kuliko karatasi. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ina ulezi, haifai. Kiburu je? Ndizi sawa, lakini maharage yake yanabaki njiani. Mboga ya mnafu haifai. Mtori uliochujwa? Sijui mngesema nini, na ndiyo maana ya kulalamika. Juisi ya rozela, ambayo kila nyumba ya Moshi inayo siku hizi, ni nyekundu, na rangi nyekundu ndani ya utumbo inaweza kumdanganya daktari akadhani ni damu. Hilo halimo kabisa. Wala karatasi haisemi kwa lugha ya kueleweka kwamba anayemeza vidonge vya kuongeza damu aviache siku kadhaa kabla, kwa kuwa vinatia utumbo weusi.

Ukurasa mmoja wa Kiswahili ungetosha. Nimeuandika. Umeambatanishwa kwenye barua ya kwanza, ile yenye muhuri. Muuguzi wenu yeyote angeusahihisha wakati wa chai.

4. Sauti ya mapokezi.

"Wale wa kipimo cha nyuma wasogee!" Hivyo ndivyo tulivyoitwa, ukumbi mzima ukasikia, akiwemo mwanafunzi wangu wa kidato cha nne aliyemleta bibi yake kliniki ya macho. Wanaume wa rika langu tunajua utani unaofuata. Ofisi ya walimu ilinitania wiki nzima, mpaka nilipowakumbusha kwamba uvimbe wa Pelé kwenye utumbo mpana uligunduliwa kwa vipimo vya kawaida mwaka 2021, na kwamba Chadwick Boseman, ambaye watoto wetu wanamjua kwa sinema, alikufa kwa saratani hiyo akiwa na miaka 43. Wawili kati ya walionitania wameniuliza baadaye, kimyakimya, mahali pa kuanzia. Nikawatuma kwenu. Naomba wasiitwe kwa jina lile.

Sasa najua mtakavyojibu, kwa sababu majibu hayo nimeshapewa vipande vipande.

Mtasema mashine ni moja na wataalamu hawatoshi. Nakubali, tena bila kinyongo. Lakini uhaba ndio unaodai mpangilio. Si kila mwenye miaka 45 anahitaji kamera. Kuna kipimo cha choo kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho. Uingereza wanakituma kwa posta, mtu anachovya kijiti nyumbani na kukirudisha, na kamera inabaki kwa wale ambao choo chao kimeonyesha damu. Kwa asiye na historia ya ugonjwa kwenye ukoo, hicho kinatosha kuanzia, mradi kirudiwe kila mwaka au kila baada ya miaka miwili. Sisi wenye kaburi kihambani ndio tuanzie kwenye kamera. Foleni ikipangwa hivyo itapungua, na mashine hiyo moja itafanya kazi inayostahili.

Mtasema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Hili liliwahi kuwa na msingi wake. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani ya utumbo ilikuwa adimu Afrika, akahusisha hali hiyo na vyakula vyetu vyenye makapi mengi. Alikuwa akiwaangalia watu waliokula kile bibi zetu walichokula. Tokeni leo jioni mtembee kutoka Mnara wa Saa hadi stendi mhesabu majiko ya chipsi. Halafu mhesabu mnafu. Na huko Marekani, mwaka 2021 walishusha umri wa kuanza kupima kutoka 50 hadi 45 hata kwa mtu asiye na ndugu mgonjwa, kwa kuwa waliona ugonjwa unawafuata vijana.

Kuna kijana mmoja ofisini kwako, Ndugu Meneja, msomi kweli, aliyenipa jibu la tatu na nilimheshimu kwa hilo. Alisema utafiti mkubwa wa Poland, Norwe na Sweden uliotolewa mwaka 2022 haukuonyesha kwamba kipimo hiki kinapunguza vifo. Nimeutafuta nikausoma. Ni kweli kwamba baada ya miaka 10 tofauti ya vifo haikuwa kubwa ya kutosha kuaminika. Lakini waliopatwa na saratani yenyewe walipungua kwa asilimia 18 katika kundi lililoalikwa, na hiyo ni pamoja na kwamba katika kila watu 100 walioalikwa ni 42 tu waliokwenda kupimwa. Na walioalikwa walikuwa watu wa kawaida mitaani, hawakuchaguliwa kwa sababu wamezika ndugu. Kijana wako alisoma vizuri, ila alinisomea nusu.

Hatari zipo pia, sizifichi. Utumbo unaweza kutoboka, jambo linalotokea kwa pungufu ya mtu mmoja katika kila 1,000 wanaopimwa. Nimeipima hatari hiyo dhidi ya ile ninayoijua kwa jina.

Ninachoomba si kikubwa.

Kwako Ndugu Mkurugenzi: asubuhi ya siku moja kabla, mtu mmoja ahakikishe kama mashine inafanya kazi na daktari yupo, kisha awapigie waliopangwa kabla hawajafungua pakiti ya dawa. Wanaotoka mbali na wenye kisukari wawekwe wa kwanza asubuhi. Karatasi iwe ya Kiswahili. Mapokezi waite watu kwa namba.

Kwako Ndugu Meneja: toa maandishi yanayosema wazi kwamba mwanachama aliyefiwa au kuuguliwa na mzazi au ndugu wa damu kwa saratani ya utumbo mpana analipiwa kipimo bila kutakiwa awe na dalili, na kwamba kipimo cha choo kinalipiwa kwa walio na miaka 45 na kuendelea. Ukiona huna mamlaka hayo, niambie nani anayo, nimwandikie. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Ningependa kujua kama katika neno "afya" lililomo humo kuna nafasi ya mtu mzima ambaye hajaugua.

Na mama wa Tarakea atafutwe. Mimi sina simu yake. Nyinyi mnayo, mlimtumia ujumbe wa malipo.

Nitasubiri siku 30. Baada ya hapo nitapeleka nakala kwa mbunge na kwa Wizara ya Afya, nikiambatanisha ile yenye muhuri. Wakati huohuo pakiti nne za dawa ya kusafisha tumbo ziko juu ya kabati letu la vyombo, na mama watoto ameziandikia tarehe ya mwisho wa matumizi kwa kalamu nyekundu ili asiwepo wa kusahau. Tarehe hiyo ni ya mwezi wa kumi na moja. Jina langu na namba ya faili mnavyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu, Pasua
Moshi